Vidonge Juu ya Meza ya Bwana

Kama una kikohozi kilichopita wiki mbili na umeshika karatasi hii, iweke chini. Nenda kapime kwanza. Mimi si wa kukimbia, utanikuta hapa hapa.

Umerudi? Haya, kaa tuongee.

Mimi ni mkulima wa Mazingara, huku Handeni. Mahindi, ufuta, mbuzi wachache. Mke wangu alikuwa Tabita, Mshambaa wa kule juu Lutindi, aliyekubali kushuka kwenye joto letu la Uzigua na kila mwaka akalilalamikia kana kwamba ameshuka jana. Mungu alitupa mtoto mmoja, Daudi, ambaye sasa ana mke, watoto na kibarua chake Hale. Kanisani nilikuwa mzee wa kanisa, ila watu hawakunijua kwa uzee huo. Walinijua kwa mnada.

Kama husali huku kwetu, nikueleze. Asiye na hela ya sadaka analeta alichonacho: jogoo, boga, mayai matatu ndani ya kitambaa. Ibada ikiisha tunatoka nje na vitu vile vinanadiwa mbele ya mlango wa kanisa. Anayenunua, akiwa na moyo, anakirudisha kitu kinadiwe tena. Yai moja nimewahi kuliuza mara nne asubuhi moja, na mnunuzi wa mwisho likampasukia mfukoni. Kazi ile inataka sauti, na sauti Mungu alinipa. Nikisema "nani anaongeza?" hata waliokwisha shika njia ya kwenda kwao walikuwa wanageuka.

Mwaka ule, wakati wa palizi ya masika, nikapata TB. Wakati huo sikuona haya. Nilipima, nikaandikiwa dawa za miezi sita, na nesi wetu, dada mmoja mpole anaitwa Zaina, akamweka Tabita kuwa msimamizi wangu. Kila asubuhi Tabita alisimama mbele yangu na kikombe cha maji mpaka nimeze, kisha akatia alama kwenye kadi. Mkojo, kwa dawa zile, ukawa mwekundu kama soda ya chungwa. Mwezi wa pili ulipoisha nikapima tena, na Zaina akaniambia makohozi yamekuwa safi. Nilikuwa nimenenepa. Suruali ilikaa bila mkanda. Shambani nilirudi, na sauti nayo ikarudi.

Hapo ndipo nilipopotea njia, ndugu yangu, na ninaomba unisikilize vizuri.

Jumapili ya Mavuno ilikuwa inakaribia. Hiyo kwetu ndiyo siku ya mnada mkubwa kuliko yote, na ni siku ya ushuhuda. Mtu aliyetendewa jambo anasimama mbele na kusema, na anatoa shukrani. Asubuhi ile nilikuwa napanga kapu langu: jogoo mwekundu, maboga mawili, mahindi. Chini ya maboga nikaweka mfuko wa dawa zangu, zile za miezi iliyobaki ambazo Zaina alikuwa amenipa mapema ili kazi za mavuno zisinikatishe.

Tabita akaona. "Baba Daudi, hizo bado hazijaisha."

"Nimepona."

"Karatasi imesema makohozi safi. Haikusema acha."

"Sasa wewe unataka nikamshukuru Mungu huku mguu mmoja nimeuacha nje?" nikamwambia. "Mtu amefunguliwa gerezani, anatembea na pingu mfukoni?"

Akanyamaza. Nami kwa ujinga wangu nikadhani kunyamaza kwake ni kukubali.

Kanisani nikasimama. Nikasema yote: kikohozi, damu, kulala nimeketi. Watu walikuwa wanalia. Halafu nikachomoa ule mfuko kapuni, nikaenda mbele, nikauweka juu ya meza ya Bwana. Mchungaji alikuwa kijana, amekuja kwetu hana hata mwaka. Akaniinamia akaninong'oneza, "Mzee, daktari ameruhusu?"

Angeniuliza nje labda ningemjibu vizuri. Lakini nilikuwa mbele ya watu, na mimi mbele ya watu nina ugonjwa wangu mwingine. Nikajibu kwa sauti ya mnada, "Daktari wa madaktari ameruhusu!"

Vigelegele! Paa la bati lilitetemeka. Nikaomba sala ndefu mpaka watoto wakaanza kusinzia. Nje, wakati wa kunadi, nikauinua ule mfuko nikasema, "Huu haunadiwi, maana hakuna tena anayeuhitaji," watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mnada ulipoisha nikaenda choo cha kanisa, nikavimwaga vidonge vyote shimoni.

Mchungaji alikuja nyumbani mara mbili. "Mzee, Mungu ndiye aliyewapa hao madaktari akili," akasema. Nikamwambia ana imani haba. Zaina akapiga simu, sikupokea. Akaja kwa pikipiki, nikatuma neno kwamba niko shamba la mbali. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nimejibanza kwenye zizi la mbuzi, mzee mzima na mvi zangu.

Vuli iliponyesha, kikohozi kikarudi.

Sasa utasema, si ungerudi kituoni? Rahisi kusema. Nilikuwa nimeshuhudia. Watu wa makanisa ya jirani walikuwa wameshausikia ushuhuda wangu, kuna waliokuja kuniomba niwaombee wagonjwa wao. Nikionekana kwenye benchi la TB, si Mungu ataonekana mwongo? Hivyo ndivyo nilivyowaza, wallahi, kama wasemavyo jirani zangu. Nilifikiri Mungu anahitaji mimi nimfichie aibu.

Basi nikaficha. Dawa ya kikohozi niliifuata Korogwe, kwenye duka ambalo hakuna anayenijua. Kanisani nilikaa karibu na ngoma, kikohozi kikija ninasubiri kwaya ipige. Sauti ilipokwaruza kwenye mnada nilisema ni vumbi la kupura mahindi. Tabita aliwaambia majirani vivyo hivyo. Vitambaa vyangu vya kukoholea alivichemsha kwenye sufuria ya peke yake, na hakuniambia neno hata moja kuhusu alichokikuta humo.

Na kulikuwa na dirisha. Hili ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Homa ilikuwa inanitia baridi usiku, nikaliziba dirisha la chumba chetu kwa gunia la ufuta. Tabita alichukia. "Kwetu Lutindi ukungu unaingia mpaka kwenye chungu na hatufi," alisema. "Fungua angalau upande mmoja." Nikakataa. Tulilala hivyo vuli nzima, masika nzima, chumba kimefungwa, mimi nakohoa, yeye amenigeuzia mgongo.

Jumapili ya Mavuno ikazunguka tena. Nilikuwa nimekonda mpaka shati la ibada linanizunguka, lakini nikasimama kunadi. Kitu cha tatu kilikuwa jogoo mweupe kabisa. Nikamwinua juu ya kichwa. "Nani anaa..." Kikohozi kikanishika hapo hapo, na nilipomshusha, yule jogoo alikuwa na damu yangu mgongoni.

Wale wa mbele walirudi nyuma hatua mbili tatu, na mama mmoja akamfunika mwanawe mdomo kwa kitenge. Nikabaki na jogoo mkononi, anapiga mbawa. Hakupata mnunuzi.

Daudi aliitwa. Alikuja kutoka Hale siku ile ile, akatupeleka Korogwe hospitali, mimi na mama yake. Nilitoa makohozi kwenye kikopo chenye mfuniko, tukangoja. Majibu yalipokuja daktari alituita nje, penye hewa, akavaa barakoa kabla ya kuongea. Akasema ni TB, lakini si ile ya kwanza. Hii ni sugu. Zile dawa za mwanzo haziisikii tena, kwa sababu ilizionja ikaachiwa. Tiba yake ni ndefu, ina vidonge vingi, na wengine hawafiki mwisho.

Kisha akauliza, "Nani analala nawe chumba kimoja?"

Tabita alikuwa ameketi kwenye benchi na chupa ya uji. Akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Mama, wewe unakohoa?"

Akaniangalia mimi kwanza. Hata pale, jamani, aliniangalia mimi kwanza. "Kidogo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu palizi."

Palizi! Miezi mingapi hiyo? Nilikuwa nalala naye na sikumsikia. Baadaye nilimwuliza alikuwa anakohoa wapi, akasema, shambani, na jikoni, na akienda kisimani. Alikuwa anatoka nje ili watu wasije wakasema kikohozi kimo nyumbani mwa mzee aliyeponywa. Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliyaficha, na nikamfundisha mke wangu kuficha.

Daudi aliyasikia yote. Alitutafutia gari la kurudi, akapakia mizigo, akafunga mlango upande wa mama yake taratibu. Upande wangu akasimama kidogo. "Baba," akasema, "ungemeza tu." Toka siku ile akawa anapiga simu ya mama yake, si yangu. Watoto wake hakuwaleta, na simlaumu kwa hilo.

Tukaanza dawa pamoja. Kadi mbili, vikombe viwili. Sitakusomea majina ya vidonge, maana hata mimi sikuyashika. Nitakwambia vinavyofanya. Vinaleta kichefuchefu ambacho hata harufu ya ugali wa jirani inatosha kukiamsha. Vinaua miguu. Nilikanyaga kaa la moto jikoni nisijue, mpaka Tabita aliposema, "Nini kinanuka?" Na vinabadili rangi. Mimi nilikuwa mweusi tangu zamani, nikawa mweusi wa kung'aa. Lakini Tabita alikuwa maji ya kunde, na mashavuni alikuwa na wekundu ule wa watu wa milimani. Mwezi wa pili alianza kukolea kuanzia usoni, mwezi wa nne mtu aliyemjua alimpita njiani bila salamu.

Alijitazama kwenye kioo cha Daudi cha kunyolea. "Loo," akasema. "Sasa ndio nimekuwa Mzigua kweli. Nilikuwa najiuliza mahari yangu ilinunua nini."

Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Alikuwa ananitania mimi niliyemtia ile rangi.

Kila mwezi tulikwenda Korogwe kupigwa picha ya kifua na kupimwa moyo, maana vidonge vile vinaugusa. Bodaboda mpaka barabara kubwa, kisha basi, madirisha yote wazi, barakoa usoni, na watu wakiona barakoa wanatuachia viti vitatu. Hospitali sisi wa sugu tulikuwa na benchi letu nje, chini ya bati, mbali kidogo na wengine. Usidhani ukiwa kwenye benchi lile utakutana na watu wa kukupa moyo. Wengine walikuwa wanapungua. Mwezi huu mko saba, mwezi ujao kuna nafasi, na unajua huwezi kuuliza. Unaweka tu mfuko wako pale kwenye nafasi ili usiione.

Ila nisimnyime mtu haki yake. Zaina, yule nesi niliyemkimbia kwa kujificha na mbuzi, ndiye aliyekabidhiwa kutusimamia huku nyumbani. Alikuja siku ya kwanza, akavua kofia ya pikipiki, akasema, "Shikamoo mzee." Nikaitikia nikiwa nimeinamisha uso. Nikangoja aniseme. Hakunisema. Alichofanya, alitoa ndimu mfukoni, akaikata vipande. "Mlambe kabla ya kumeza, inazuia kutapika," akasema. Akawa anatuletea ndimu kila wiki. Siku za Ramadhani, yeye mwenyewe amefunga, alikuwa anatukatia ndimu na mate yanamjaa, anageuka pembeni anatema. Katika mwaka ule hakuna mahubiri yaliyonifikia kama ndimu zile.

Kwa maana kuomba nilikuwa siwezi. Ninaona haya kuliandika hili, lakini nimeahidi kusema kweli. Nilikuwa nafumba macho na ninasikia sauti yangu mwenyewe ya siku ile, Daktari wa madaktari ameruhusu, nafumbua. Watu walikuja kusimama mlangoni na kusema Mungu ana makusudi. Makusudi gani? Nilitamani kuwatupia kiatu. Mimi ndiye niliyemwaga vidonge. Mungu hakuwa na makusudi kwenye choo kile.

Tabita yeye alikuwa na sala yake. Ilikuwa fupi hata sikuitambua kuwa ni sala. Anavishika vidonge kiganjani, anaviinua kidogo tu, usawa wa kifua, anasema, "Bwana, hizi hapa. Na mimi hapa." Basi. Anameza.

Siku moja nikamwambia, "Hata hujamwomba akuponye."

"Anajua naumwa."

"Na kama hakuponyi?"

Akafikiri. Alikuwa anachambua mboga, mikono imekwisha nguvu, anang'oa jani moja moja. "Kesho siijui, Baba Daudi," akasema. "Na sijatumwa niijue. Nimetumwa nimeze hizi za leo."

Nikapata ujasiri wa kumwuliza kilichokuwa kinanitafuna. "Siku ile ya kapu. Kwa nini hukunizuia? Wewe ndiye uliyekuwa msimamizi."

Akaniangalia kwa hasira, ya kwanza niliyoiona toka tuanze kuugua. "Ningekuzuia vipi? Ulisema Mungu amesema. Mtu akishasema Mungu amesema, mkewe anajibu nini?"

Nikasogea nikamsaidia kuchambua mboga.

Mimi dawa zilinishika. Mwezi wa nne makohozi yakawa safi, wa tano safi. Yeye hapana. Tumbo lake lilikataa. Alikuwa anameza, anatapika, Zaina anangoja, anampa tena, anatapika. Korogwe wakasema moyo wake umeanza kupiga vibaya, wakaondoa dawa moja, wakaweka nyingine, wakaondoa na hiyo. Unaelewa maana yake? Kila dawa inayoondolewa ni mlango unaofungwa. Daktari hakuficha. Alikuwa anaongea na mimi lakini anamwangalia Daudi, ambaye siku hiyo alikuja.

Kipindi cha vuli akalazwa. Daudi alikuwa anakuja kutoka Hale kila akipata nafasi, anaketi upande mmoja wa kitanda, mimi upande wa pili, tunaongea na mgonjwa kwa zamu na sisi wawili hatuongei. Tabita alikuwa amebaki macho na meno. Vidole vyake nilivishika nikavikuta vyepesi, na mwili wote ule wa kubebea ndoo na kuni ulikuwa umekwenda wapi sijui.

Siku moja Daudi alitoka kwenda kununua maziwa. Nikaona ni sasa. Nikapiga magoti pembeni ya kitanda, miguu yenyewe haina hisia, nilishuka kwa kishindo. Nikasema, "Mama Daudi, nimekukosea. Nimekuua. Nisamehe."

Alikuwa amefumba macho. Nikadhani hakusikia. Nikataka kurudia. Akasema, "Fungua dirisha."

Lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua. Nikainuka, nikalifungua, manyunyu yakaingia yakamfikia usoni. Alipumua pumua, akalala.

Nimeligeuza neno lile kila upande. Alikuwa ananijibu? Alikuwa ananisamehe, au ananikumbusha lile gunia? Au mgonjwa alitaka hewa tu, kama mgonjwa yeyote? Nilikusudia kumwuliza kesho yake. Kesho yake hakuongea, na asubuhi iliyofuata nilikuwa bombani naosha kikombe chake, niliporudi pazia lilikuwa limevutwa na Daudi amesimama nje yake amenipa mgongo. Kikombe bado kilikuwa kinadondosha maji mkononi mwangu.

Tulimzika Mazingara. Ndugu zake waliteremka kutoka Lutindi, wakaimba Kishambaa kaburini, nyimbo ambazo alikuwa anaziimba akitwanga. Mimi kifua hakikuniruhusu kuimba hata ubeti.

Dawa zangu niliendelea nazo peke yangu, masika ile na kiangazi chake. Kadi moja, kikombe kimoja. Kuna asubuhi sikuona sababu yoyote ya kumeza. Nilikuwa naviangalia vile vidonge kiganjani nawaza, nibakie ili iweje? Zaina alikuwa anakaa kwenye kigoda, hanihimizi, ananikatia ndimu. Nilimeza kwa sababu Tabita alimeza vyake mpaka tumbo likashindwa. Kuacha mara ya pili kungekuwa kumtemea mate.

Hatimaye wakaniandikia nimepona. Karatasi ina muhuri. Mapafu yamebaki moja na kipande, miguu haijarudi, sauti imekuwa ya kunong'ona. Na Jumapili ya Mavuno hiyo inakuja. Mchungaji akaniuliza kama ningependa kusema neno mbele. "Si lazima, mzee," akasema. Amekua kijana yule.

Nilisimama. Kanisa likanyamaza maana bila kunyamaza hawangenisikia. Nikasema, "Mwaka ule sikuwa nimepona. Mungu hakusema niache dawa, nilisema mimi nikatumia jina lake. Tabita amekufa kwa kikohozi changu. Ukipewa dawa, maliza." Nikaketi. Hakuna aliyepiga kigelegele wala kusema amina, na sikutegemea. Mnada alinadi mtu mwingine.

Nilipokuwa natoka, mama mmoja wa kwaya, jina lake nalihifadhi, akanifuata nyuma ya kanisa. Akajifanya anafunga kitenge chake. "Baba Daudi," akasema kwa sauti ya chini, "kile kikohozi chako kilianzaje?"

"Chako kimeanza lini?" nikamwuliza.

Akatazama pembeni. "Mwezi sasa. Ila usiseme. Ninaimba."

"Kesho asubuhi twende kwa Zaina. Nitakupitia."

Usiku ule nilifungua kabati. Ndani yake kulikuwa na mfuko wa vidonge vya Tabita vilivyobaki. Zaina alikuwa ameshaniomba nivirudishe, mara moja, mara mbili, kisha akaacha kuomba. Kumpelekea nilikuwa sijaweza. Vilikuwa na alama ya kidole chake kwenye pakiti ya mwisho, pale alipoibonyeza kidonge kikashindwa kutoka. Asubuhi nikavichukua.

Tulikwenda mimi na yule mama, yeye mbele mimi nyuma na fimbo yangu, kwa kuwa sisikii ninapokanyaga. Watu walituona. Tukaketi kwenye benchi la TB, mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima. Zaina akampa mama kikopo chenye mfuniko, akamwonyesha pa kwenda kukoholea. Kisha akanigeukia mimi. Nikauweka ule mfuko juu ya meza yake.

Sijui hata sasa ninaamini nini kuhusu kesho. Tabita hajarudi, Daudi bado hajapiga simu yangu, na yule mama anaweza kupona au asipone. Nilitaka kumwambia Zaina samahani kwa kuchelewa. Kilichotoka mdomoni, kwa hii sauti yangu iliyokufa, kilikuwa, "Bwana, hizi hapa. Na mimi hapa."

"Unasemaje, mzee?" akauliza Zaina.

"Si wewe," nikamwambia.

Akauchukua mfuko kwa mikono miwili. Halafu akanyanyuka, akaenda kulifungua dirisha, kama wanavyofanya kila anapoingia mtu anayekohoa.